Mizani iko mkononi mwa nani? Kupima shaba na haki ya biashara, kutoka Bunkeya hadi Musompo

Kila asubuhi magunia yanafika Musompo, nje kidogo ya mji wa Kolwezi. Mengine yanakuja juu ya pikipiki, mengine ndani ya lori, na wenye magunia wamelala usiku kucha shimoni. Mbele ya depo kuna mizani. Gunia linapandishwa, karani anasoma kilo. Baadaye kipande kidogo cha jiwe kinawekwa chini ya kamashine kanachofanana na bastola, ambako watu wote wanakaita Metorex, na karani anasoma namba ya pili: teneur, maana yake kiasi cha cobalt au cha shaba kilicho ndani ya jiwe. Kilo ngapi? Teneur ngapi? Bei ya gunia inatoka katika majibu ya maswali hayo mawili, na anayejibu yote mawili ni mnunuzi. Mizani ni yake, mashine ni yake, karani ni wake.

Mchimbaji akikataa, anaweza kubeba gunia lake kwenda depo jirani. Huko pia atakuta mizani ya mwenye depo.

Mambo haya yanasemwa Kolwezi kama kilio cha leo, kilicholetwa na cobalt na magari ya umeme. Lakini ugomvi wa mizani ni mzee kuliko cobalt, na ni mzee kuliko Kolwezi yenyewe. Kurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la watu wa namna hiyo, Al-Mutaffifin, sura ya 83, wapunjaji. Ibn Abbas, binamu wa Mtume Muhammad, alisimulia kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wa mji ule ni wabaya sana katika vipimo, na sura hiyo iliposhuka wakajirekebisha. Aya zake za mwanzo zinataja makosa mawili ya mtu mmoja: akipokea kwa wengine anataka kipimo kijae, akiwapimia wengine anapunguza. Mara nyingi mahubiri yanaishia kwa muuzaji, mama wa sokoni mwenye kopo lililobonyezwa chini. Sura inaanza na mpokeaji, na huko Musompo mpokeaji ndiye mwenye mizani.

Kolwezi si mji wa Waislamu. Wakristo ni wengi mno, na misikiti ni michache. Hata hivyo neno hili haliwatengi watu: Mithali, katika Biblia, inasema Mungu anachukia mizani ya udanganyifu, na nabii Amosi aliwafokea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Kurani inasomwa hapa kwa sababu ya historia, kwa kuwa sehemu ya biashara ya mbali ya shaba ya Katanga, katika karne ya 19, ilipita mikononi mwa Waislamu.

Kabla yao, shaba ilikuwa tayari na kipimo chake. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wa mambo ya kale, Jacques Nenquin na kisha Jean Hiernaux, walifungua makaburi ya zamani huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Lualaba. Walikuta maiti waliozikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kufanana, hadi wataalamu wakaiona kuwa fedha. Mtu aliyeshika msalaba wa namna hiyo hakuhitaji karani wa kumwambia uzito. Shaba ilikuwa bidhaa na kipimo pamoja, na kila mtu aliweza kuilinganisha na nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Katikati ya karne ya 19 aliingia Msiri. Alikuwa mtoto wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka upande wa Wasumbwa na Wanyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alikaa Katanga kuanzia miaka ya 1850, akajenga ufalme wa Wayeke, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya, ambao leo uko katika teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Bunkeya ilikuwa soko kubwa. Misafara ilitoka mashariki kwa njia ya Unyamwezi na pwani ya Zanzibar, mingine ilitoka magharibi, Bihé na Benguela. Ilileta bunduki, baruti, shanga na nguo. Iliondoka na shaba, pembe za ndovu, chumvi, na watu.

Nguo zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mikono minane ilifanya doti. Hapo pana swali ambalo mtu wa Musompo atalielewa mara moja: mkono wa nani? Mwenye nguo alitaka mkono mfupi upime, mwenye pembe alitaka mkono mrefu. Pwani, pembe ilipopakuliwa Zanzibar, kipimo kiligeuka kuwa frasila, karibu kilo 16, juu ya mizani. Huko nyuma, misafara mingi iliendeshwa kwa mkopo. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikopa kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar. Deni liliandikwa kwa wino. Kwa njia hiyo upande mmoja wa safari ulikuwa na karatasi na mizani, na upande wa pili, huku bara, ulikuwa na mkono wa mtu na nguvu ya bunduki.

Ni lazima kusema wazi. Wafanyabiashara wengi wa pwani walisali sala tano, walifunga Ramadhani, waliogopa riba, na wakanunua watu. Katika mapokeo ya Bukhari, Mtume anaeleza kwamba Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina la Mungu akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala bei yake, na aliyemwajiri mfanyakazi, akapokea kazi yake yote, asimlipe mshahara. Wa pili katika watatu hao alipita Bunkeya mara nyingi. Mtu aliyekamatwa vitani katika kijiji cha Wasanga au cha Waluba alikuwa mtu huru jana yake. Haikusaidia kitu kwamba frasila ya pembe iliyofuatana naye ilipimwa vizuri pwani.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na kapteni Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II. Tangu siku hiyo mizani ya shaba ilihamia kwa Wabelgiji.

Kuna kisa kingine cha mapokeo ambacho hakisikiki sana, na kinafaa kusikika Kolwezi kuliko vyote. Suwayd bin Qays na mwenzake walileta nguo kutoka Hajar kwenda Makka kuuza. Mtume akaja, akapatana nao bei ya suruali. Mahali pale palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima kwa malipo. Hakuwa mnunuzi, hakuwa muuzaji. Wakati ule fedha ililipwa kwa uzito, basi aliyekuwa anapimiwa ni muuzaji. Mtume, ambaye ndiye mnunuzi, alimwambia mpimaji apime na aache upande wa muuzaji uzidi kidogo. Kisa hiki wamekisimulia Abu Dawud na Tirmidhi. Watu wengi wanaona ndani yake ukarimu wa Mtume, na ni kweli. Lakini tazama vizuri yule mtu wa tatu, asiye na jina, anayelipwa ili apime. Soko la Makka lilimjua. Baadaye miji ya Kiislamu ikaweka muhtasib, msimamizi wa soko, aliyezunguka akikagua mawe ya mizani na vibaba, mwenye ruhusa ya kuvunja kipimo cha uongo mbele ya watu.

Wabelgiji walileta kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukazaliwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya machimbo yake. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu mweusi wa kuuza jiwe: jiwe lote lilikuwa la kampuni, na mwafrika aliuza nguvu zake tu. Alipata mshahara na posho, unga na samaki vilivyopimwa na kampuni. Mwezi Desemba 1941, katika vita kuu, wafanyakazi waligoma wakidai mshahara, na askari wakawapiga risasi huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

Mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha, na baadaye ikaitwa Gécamines. Wazee wa Kolwezi wanaikumbuka kama mama: shule, hospitali, unga kila mwezi. Mwaka 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na uzalishaji ukaanguka vibaya. Mishahara ikaanza kukawia mwezi, miezi sita, mwaka. Kisha, mwaka 2003 na 2004, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha ya mara moja. Wengi walilalamika, na wameendelea kulalamika miaka mingi, kwamba fedha ile haikufikia hesabu ya mishahara waliyokuwa wanadai. Mapokeo yanasema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Baadhi ya wazee hao wamezikwa wakiwa na karatasi zao za madai ndani ya sanduku.

Watoto wao wakashuka shimoni. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikubali uchimbaji mdogo, kwa Mkongomani mwenye kadi na ndani ya eneo lililotengwa. Maeneo hayo yalikuwa machache, na njaa ilikuwa kubwa. Creuseurs walienea kila mahali palipo na jiwe jeusi. Hapo biashara ya kuuza jiwe ikarudi mikononi mwa mwenyeji kwa mara ya kwanza tangu Bunkeya, na ugomvi wa mizani ukarudi pamoja nayo.

Anayechimba shimo la mita ishirini au thelathini hawezi kula hewa wakati wa kuchimba. Anahitaji mtu wa kumlisha, kumnunulia kamba, tochi, pampu ya maji. Mwenye fedha huyo anahesabu, na siku jiwe likitoka anakata chake kwanza. Hesabu mara nyingi iko kichwani mwake tu, au katika daftari lake. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura Al-Baqara, haizungumzii sala wala vita. Inazungumzia deni. Deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, hadi muda wake. Mwandishi aandike kwa haki. Wawepo mashahidi. Na mwenye kusema maneno yanayoandikwa awe ni yule anayedaiwa. Jambo hili la mwisho linapitwa haraka na wasomaji. Mdaiwa, ambaye ndiye mnyonge, anasema kwa kinywa chake anachokiri, na kama hawezi, msimamizi wake anasema kwa niaba yake. Huko mashimoni mambo yamegeuzwa: anayedai ndiye anayesema, ndiye anayeandika, na mdaiwa anatajiwa jumla wakati gunia limeshafungwa.

Kuna wanunuzi wengine wanaomfuata mchimbaji hadi mdomo wa shimo, wanamlipa papo hapo, kabla hajaona bei ya Musompo. Mtume alikataza jambo linalofanana sana na hili, kwenda kukutana na msafara njiani kabla haujafika sokoni. Na ikiwa mtu ameshanunua kwa njia hiyo, muuzaji akifika sokoni na kujua bei, ana haki ya kuvunja mauzo. Yaani kutojua bei kwa muuzaji si bahati ya mnunuzi. Ni kasoro ndani ya mauzo yenyewe.

Sasa turudi kwa Metorex. Jina ni la kampuni ya Ufini, na limekuwa jina la mashine zote za aina hiyo. Mashine inapeleka miali ndani ya jiwe na kusoma metali zilizomo. Haisemi uongo yenyewe. Lakini inasoma sehemu ndogo ya juu tu. Jiwe lililochaguliwa gunia zima likaachwa, jiwe lenye maji, mashine iliyorekebishwa vibaya, vyote vinabadilisha namba, na mtu asiye na mashine ya pili hana cha kulinganisha. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 juu ya cobalt ya Kongo iliandika hivyo: wachimbaji hawana njia ya kuhakikisha wenyewe uzito wala teneur. Juu yake kuna kilo zinazokatwa kwa ajili ya unyevu. Jiwe lililooshwa mtoni ni kweli lina maji. Lakini kiasi gani? Anayekadiria ni yule yule.

Haki inadai kusema upande wa pili pia. Wapo wachimbaji wanaoloanisha gunia ili lipate kilo, wanaoweka mawe mazuri juu na udongo chini. Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, na akaambiwa kwamba mwenye kudanganya si katika wao. Wenye depo wanasimulia visa vya namna hiyo na kusema ndiyo sababu wanakata kilo. Tofauti ni kwamba anayedanganywa na gunia la maji ana mizani, ana mashine na anakata kabla ya kulipa. Anayedanganywa na mizani hana kitu.

Nabii Shuaibu alitumwa kwa watu wa Madyan, wafanyabiashara. Katika Kurani anawaambia watimize kipimo na mizani, na anaongeza neno jingine: wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wafasiri wanaeleza kwamba hilo ni pana kuliko kilo. Kumwambia mtu kwamba mali yake haina thamani, ili uichukue kwa bei ndogo, kumo ndani yake. Tena anawakataza kukaa kila njiani wakitisha watu, na baadhi ya wafasiri wamesema hao walikuwa watoza ushuru wa dhuluma. Mtu aliyewahi kupitisha gunia katika barière tatu kati ya shimo na depo hahitaji ufafanuzi.

Familia nyingi zinazosikiliza maneno haya hazikuuza jiwe lolote. Zilipoteza nyumba. Mwaka 1993 Wakasai walipofukuzwa Kolwezi, wengine waliozaliwa hapa na wazazi wao waliojenga mji huu, watu walilala wiki nyingi kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi waliacha au waliuza mali kwa bei ya kutupa. Aliyenunua kitanda cha jirani kwa bei ya sahani siku hizo alijua thamani ya kitanda.

Mwaka 2014 cobalt ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba ndani ya viwanja, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa uchimbaji uliopangwa, ikazungushiwa ukuta, mamia ya familia zikahamishwa, na jiwe linalotoka ndani ya ukuta likawa na mnunuzi mmoja. Baadaye Cité Gécamines nayo ikaguswa na kupanuka kwa mgodi ulio jirani. Ripoti ya Amnesty na shirika la Kolwezi IBGDH, ya Septemba 2023, iliandika malalamiko ya waliohamishwa: malipo hayakutosha kupata nyumba ya namna ile ile, na wengine walijikuta mahali pasipo na maji wala umeme waliokuwa nao. Ni mizani ile ile kwa sura nyingine. Ukuta, chumba, mwembe, kisima vilitiwa thamani na upande unaolipa, na mwenye nyumba akaletewa namba ili atie sahihi.

Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt, tawi la Gécamines, inunue cobalt yote ya wachimbaji wadogo, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2021. Jimbo nalo lilijenga kituo cha biashara Musompo ili depo zote zikae mahali pamoja. Yote mawili yalisifiwa kama mwanzo wa bei ya haki. Lakini kampuni ya serikali inayonunua ni mnunuzi, hata ikiwa ya serikali, na mizani yake ni mizani ya mnunuzi. Kukusanya depo mia ndani ya uzio mmoja hakumleti mpimaji wa tatu.

Vyama vya wachimbaji vimeomba mara kwa mara jambo dogo: mizani moja na mashine moja mlangoni, zenye kukaguliwa, zinazoendeshwa na mtu asiyenunua wala kuuza, na karatasi anayopewa mwenye gunia kabla hajafika kwa mnunuzi. Makka ilikuwa naye, akilipwa kwa kazi yake. Kwa upande wa nyumba, familia zinaomba mthamini ambaye hakuletwa na mgodi, na nakala ya hesabu yake, chumba kwa chumba, kwa lugha wanayoisoma.

Jioni Musompo inafunga. Magunia yaliyonunuliwa yanapakiwa kwenye malori makubwa, na kabla ya kuondoka kuelekea kiwandani kila lori linapimwa tena. Safari hii mwenye depo ndiye muuzaji, na anasimama karibu kabisa na mizani, akiisoma kwa macho yake mwenyewe.